Swali lisibebe jibu lake: namna ya kuandika dodoso lisilomvuta mhojiwa upande

Asubuhi moja nilikuwa Sahare, Tanga mjini, nikimsindikiza mdadisi mpya, binti aliyebeba dodoso lake la kwanza kwenye kishikwambi. Tulikuwa tunauliza kaya zinakula nini. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, binti akampa bibi mwenye nyumba shikamoo yake, wakajuliana hali vya kutosha. Kisha akasoma swali kama lilivyoandikwa: "Katika siku saba zilizopita, umekula samaki?"

"La, mwanangu. Samaki kwa bei hii tumwone wapi?"

Binti akabonyeza "Hapana". Hatua tatu tu kutoka kwenye mkeka tuliokalia, dagaa walikuwa wameanikwa juu ya ungo.

Nikaomba ruhusa ya kuongeza neno. "Bibi, jana mchana mlikula nini?"

"Bada kwa dagaa."

"Na juzi?"

"Juzi wali maharage. Usiku tukamalizia dagaa waliobaki."

Bibi hakudanganya. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa pwani, samaki ni changu, tasi, kolekole. Dagaa ni dagaa. Kosa lilikuwa la aliyeandika swali. Laiti tungeendelea hivyo nyumba kwa nyumba, tungerudi ofisini na takwimu zinazosema watu wanaoishi kando ya bahari hawali chochote cha baharini, na huenda mtu angeandika mradi wa lishe juu ya takwimu hizo.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Unamfaa mwanafunzi wa chuo anayeandaa utafiti wake, ofisa wa halmashauri, kiongozi wa kikundi cha wavuvi anayetaka maoni ya wenzake, yeyote anayewaandikia watu maswali. Ukichagua wahojiwa wachache mno, unaweza kuongeza wengine. Swali likiwa bovu, kuongeza watu hakusaidii kitu, kwa sababu kila anayeongezeka anapindishwa upande uleule.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua kabla hujaandika swali

Chukua karatasi, uandike kwa lugha ya kawaida: nataka kujua nini, na jibu likija nitaamua nini. "Nataka kujua wauza samaki wangelipia barafu kiasi gani, ili tuamue kama mashine ya barafu itajiendesha." Sentensi hiyo isipoandikika, swali halijaiva, na dodoso litajaa maswali ya kuuliza kwa kuuliza.

Hatua ya 2: Pima kila neno kwa masikio ya anayejibu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana neno likishatoka mdomoni mwako linakuwa la anayelisikia.

Neno "kazi" ndilo linaloongoza kwa kupotosha. Muulize mama wa Makorora anayeamka alfajiri kukaanga mihogo, mchana akasuka mkeka wa kuuza: "Una kazi?" Atakujibu, "Sina, nipo tu nyumbani." Kazi kwake ni ajira, ofisi, mshahara wa mwisho wa mwezi. Kumbe kwa kipimo kinachotumika duniani, kile cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya shughuli ya kumpatia kipato walau saa moja katika wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa na kazi. Basi uliza hivi: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia fedha au bidhaa, hata kwa saa moja? Kwa mfano kukaanga mihogo, kusuka mikeka, kupara samaki, kuuza barafu." Mifano haimfundishi jibu. Inamwonyesha mpaka wa neno.

"Watoto" nalo lina mitego. "Una watoto wangapi?" Mmoja atahesabu na wa kaka yake anaowalea, mwingine atamwacha aliyeko kwa bibi yake Pangani, mwingine hatamtaja aliyefariki, kwa kuwa kumtaja kunatonesha. Tafiti kubwa za afya ya uzazi huligawa swali hili vipande: wa kiume unaoishi nao, wa kiume wanaoishi kwingine, wa kike vivyo hivyo, kisha kwa upole waliozaliwa hai wakafariki. Linakuwa refu, lakini majibu yanakamilika.

Wakati nao unasumbua. Dodoso likitoka kwenye Kiingereza, 8:00 asubuhi hugeuka "saa nane" mikononi mwa mfasiri mwenye haraka, ilhali sisi ni saa mbili. "Mwezi uliopita" kuna anayehesabu Mfungo Mosi na kuna anayehesabu Aprili. Ukimuuliza mvuvi "kwa wiki unatoka siku ngapi," atakutajia namba yoyote ili akuridhishe, kwa sababu bahari haimpangii kwa wiki. Inampangia kwa bamvua, zile siku za maji makubwa, na maji mafu, kwa pepo za kusi na kaskazi. Muulize: "Bamvua hili lililopita, ulitoka siku ngapi?" Utamwona anahesabu kwa vidole, na hapo ujue umepata kumbukumbu yake halisi.

Mfano mzuri wa swali lililofikiriwa tunao hapa nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 haikuuliza "mnaishi wangapi hapa," maana kuishi ni neno pana. Iliwahesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Usiku ni mmoja, na kitendo kinajulikana. Mgeni aliyelala amehesabiwa. Baba aliyelala Dar es Salaam amehesabiwa kule.

Hatua ya 3: Ondoa salamu ndani ya swali

Lugha yetu ina maswali yaliyozaliwa na majibu yake. "Hujambo?" jibu lake ni "sijambo," hata kwa mwenye homa. "Habari za nyumbani?" ni "nzuri," na tatizo, kama lipo, litafuata baadaye kwa sauti ya chini: "nzuri, ila mtoto anaumwa." Huo ni ustaarabu na una mahali pake. Lakini mdadisi akiuliza "Habari za huduma pale zahanati?" ameuliza kwa mtindo wa salamu, naye atajibiwa kwa mtindo wa salamu. Akiandika "nzuri," ameandika adabu ya mhojiwa, habari za zahanati hajazipata.

Jamaa wa salamu ni wengi. Pitia dodoso lako na kalamu nyekundu, ukate kila "au siyo," "si ndiyo," "huoni kwamba," "bila shaka," "kama tunavyojua." Kisha mtafute mkubwa wao: "Je, unakubali kwamba…"

Nina sababu ya kulichukia swali hilo. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja ilitupa dodoso la kutathmini mradi wa mwani katika kijiji cha pwani. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, unakubali kwamba mradi huu umeinua maisha ya kinamama wa kijiji?" Kinamama wakakubali, mmoja baada ya mwingine. Jioni, vishikwambi vimeshazimwa, tukinywa chai, mama mmoja akaniambia kamba zimeoza na mwani hawana pa kuuuza. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mmekuja kwangu, mmekaa, mnaniuliza kama nakubali. Nimkatalie mgeni?" Ripoti ikaandikwa kwamba mradi umefanikiwa. Ilinikera siku ile na inanikera mpaka leo, kwa sababu kinamama wale walikuwa na jambo la kusema na sisi ndio tuliowaziba mdomo.

Wala si sisi tu wenye hulka hii. Serikali ya Scotland ilipoandaa kura ya maoni ya mwaka 2014, ilipendekeza swali linaloanza na "Je, unakubali kwamba Scotland iwe nchi huru?" Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilishauri maneno ya "unakubali" yaondolewe, yakaondolewa, na wananchi wakaulizwa tu: Je, Scotland iwe nchi huru?

Dawa yake ni kuuliza jambo lenyewe na kuziweka pande zote mezani: "Tangu mradi uanze, kipato chako kimeongezeka, kimepungua, au kiko palepale?" Hapo mgeni hakataliwi. Jibu lolote kati ya hayo matatu ni la heshima sawa. Kisha fuatisha kitendo: "Mara ya mwisho uliuza mwani lini? Uliuza kilo ngapi?"

Hatua ya 4: Angalia maneno yenye uzito wao

Kuna maneno mawili yanayotua mahali pamoja lakini hayafanani moyoni. Mfano wa zamani ni wa mtafiti wa maoni Donald Rugg, uliochapishwa Marekani mwaka 1941. Kundi moja liliulizwa kama nchi ikataze hotuba za hadhara za kuipinga demokrasia. Asilimia 54 wakasema ikataze. Kundi lingine likaulizwa kama nchi iruhusu hotuba hizo. Asilimia 75 wakasema isiruhusu. Kukataza na kutoruhusu kwa vitendo ni jambo lilelile, lakini "kukataza" kunasikika kama fimbo, na watu wengi hawapendi kuishika.

Kitenzi peke yake kinaweza kugusa hata kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria maili 31.8. Filamu zilikuwa zilezile.

Sasa rudi nyumbani. Swali la "tozo" si sawa na la "mchango," hasa kwa mtu anayekumbuka makato ya miamala ya simu ya mwaka 2021. "Wamachinga waliovamia barabara" wameshahukumiwa kabla hujauliza lolote; "wafanyabiashara wanaopanga bidhaa kando ya barabara" bado hawajahukumiwa. "Uvuvi haramu" ni hukumu; taja nyavu zenyewe, taja zana yenyewe. Ukitaka kujua kama wauza samaki watakubali kulipa shilingi 500 kwa siku za usafi wa soko, sema hivyohivyo: shilingi 500, kwa siku, za kufagia na kuzoa taka. Kiasi kikitajwa wazi, neno la kulipamba halina kazi.

Jihadhari pia na kutaja faida ukaacha gharama. Januari 2003, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipouliza kuhusu kutumia jeshi kuung'oa utawala wa Saddam Hussein, asilimia 68 waliunga mkono. Ilipoongezwa kwamba huenda maelfu ya wanajeshi wa Marekani wangeuawa au kujeruhiwa, walioafiki walishuka hadi asilimia 43.

Hatua ya 5: Swali moja, jambo moja, bila "si" mbili

Tafuta kila "na" iliyomo kwenye maswali yako. "Unaridhika na usafi na usalama wa stendi?" Anayeona pasafi lakini aliibiwa simu pale ajibu nini? Gawa.

Kisha tafuta kukanusha. Kwa Kiswahili hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukimuuliza mtu "Hukuhudhuria mkutano wa mtaa?" mmoja atajibu "Ndiyo," maana yake ndiyo, sikuhudhuria. Mwingine atajibu "Hapana," maana yake hapana, sikuhudhuria. Wote hawakuhudhuria, na kwenye kishikwambi wameingia visanduku tofauti. Uliza "Ulihudhuria?" yaishe.

Likanushe mara mbili uone balaa. Mwaka 1992 Roper, kampuni ya kukusanya maoni, iliwauliza Wamarekani kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walisema inawezekana, na matokeo yalipotangazwa nchi ikashtuka. Swali liliporudiwa mwaka 1994 kwa maneno yaliyonyooka, waliosema hivyo walikuwa kama asilimia 1. Mshtuko ule wote ulitokana kwa sehemu kubwa na "haiwezekani kwamba hayakutokea."

Hatua ya 6: Panga majibu kwa uangalifu uleule

Orodha ya majibu nayo inaongea. Ujerumani, mwaka 1985, Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza watu wanatazama televisheni saa ngapi kwa siku. Waliopewa orodha inayoanzia nusu saa na kuishia "zaidi ya saa 2 na nusu," asilimia 16.2 walichagua zaidi ya saa 2 na nusu. Waliopewa orodha inayoanzia "hadi saa 2 na nusu" na kupanda juu ya hapo, waliozidi saa 2 na nusu walikuwa asilimia 37.5. Mtu huangalia katikati ya orodha akadhani ndipo walipo wenzake, akajisogeza huko. Kwa idadi na muda, acha mtu ataje mwenyewe.

Orodha ikisomwa kwa sauti, cha mwisho hukaa sikioni. Ikisomwa kwa macho, cha kwanza hupendelewa. Basi badilisha mpangilio kutoka mhojiwa hadi mhojiwa, vishikwambi hufanya hivyo vyenyewe ukivipangia. Weka pia "sijui" na "sina maoni," vinginevyo utakusanya maoni ambayo hayakuwepo mpaka ulipofika wewe.

Na usilazimishe ndiyo au hapana pale ambapo moyo wa mtu una sehemu mbili. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyokusanya maoni ya Watanzania mwaka 1991 ilikuta takriban asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee. Ingeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini wengi katika hao hao walitaka mfumo ule urekebishwe, na tume ilipozisoma sauti hizo pamoja na za wachache, ikapendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa mwaka 1992. "Unataka chama kimoja, ndiyo au hapana" lisingeyafikisha hayo.

Hatua ya 7: Tazama swali lililotangulia

Kila swali linamwandaa mtu kwa linalofuata. Mwaka 1948, wakati wa uhasama na Urusi ya Kisovieti, Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa kikomunisti waruhusiwe kuja Marekani kuandika habari. Lilipokuwa swali la kwanza, asilimia 36 waliruhusu. Lilipotanguliwa na swali kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kwenda Urusi, walioruhusu walifika asilimia 73, kwa kuwa mtu alishajisikia anasema haki iwe pande zote.

Kwa hiyo uliza la jumla kwanza, kisha ya kipande kipande. Ukianza na taka, mbu, mitaro iliyoziba, ndipo uulize "Kwa ujumla unaonaje maisha ya mtaa huu," umeshamjazia jibu.

Hatua ya 8: Mambo ya aibu na ya sheria

Usiende Mwambani au Chongoleani ukamuuliza mvuvi uso kwa uso kama amewahi kutumia baruti. Baruti ni kosa la jinai, imeharibu matumbawe ya pwani yetu kwa miaka, na hakuna atakayejifunga mwenyewe mbele ya mtu mwenye kishikwambi. Swali lake lazima limpe mahali pa kujificha.

Njia moja ni ya sarafu, iliyotokana na wazo la Stanley Warner la mwaka 1965. Mpe mhojiwa sarafu, geuka usimwone. Akirusha ikaja upande wa picha, aseme "ndiyo" hata kama hajawahi. Ikija upande wa pili, aseme ukweli. Kwa watu 100, kama 50 watasema ndiyo kwa sababu ya sarafu tu. Zikija ndiyo 60, zile 10 za ziada zimetoka kwa 50 waliotakiwa kusema ukweli, yaani karibu mtu 1 kati ya 5. Hujui nani, na yeye anajua kwamba hujui. Lieleze taratibu, mwache ajaribu kwanza na swali dogo kama "umekunywa chai leo," ili aamini kwamba siri ni siri kweli.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kwenda

Soma dodoso lote kwa sauti. Kisha tafuta watu kumi wanaofanana na utakaowauliza, wa Ngamiani kama kazi iko Ngamiani, siyo wenzako wa ofisini. Kila swali likishajibiwa, mwambie: "Hebu niambie kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Bibi wa Sahare angetuambia kuhusu dagaa siku hiyohiyo ya majaribio, kabla hatujapoteza hata nyumba moja.

Dodoso likiwa limetafsiriwa, mpe mtu mwingine asiyeona asili alirudishe kwenye lugha lilikotoka, ulinganishe. Na pale wawili mnapobishana kuhusu maneno, acheni kubishana: andikeni namna zote mbili, nusu ya wahojiwa wapate hii, nusu ile, kwa bahati nasibu. Majibu yakitofautiana, maneno yenu yanafanya kazi ambayo hamkuyatuma.

Wadadisi wafundishwe kusoma swali kama lilivyo. Salamu wasalimie kwa lugha yao, watulie, wanywe maji waliyokaribishwa, lakini swali lisiongezwe "au siyo mama?" mwishoni. Hilo huponyoka kwa wema tu, kwa hiyo lifanyieni mazoezi wawili wawili.

Na kuna jibu moja ambalo kila mdadisi wa huku atalisikia: "Andika tu mwanangu, unavyoona wewe." Asiandike anavyoona. Aweke "hakujibu," na jioni mkikaa kuhesabu, angalieni ni swali la ngapi lililorudisha jibu hilo mara nyingi. Swali hilo lipelekeni tena hatua ya pili.